Umemzika Bila Mtani

Chanika, Handeni
10 Novemba 2024

Kwako binamu Zaidi, mwalimu, mwandishi, na mwenye masikio ya punda,

Salamu. Sisi wazima, ila mvua za vuli zimetufanyia mzaha: zilinyesha siku ya mnada zikaishia hapo hapo. Mahindi yamechomoza yanatuangalia tu. Husna mkeo hajambo? Mwambie bado namhurumia. Siku ya ndoa yenu nilimwambia akimbie, akadhani natania.

Baba yangu, yaani mjomba wako, yupo. Miguu inavimba, macho yameingia ukungu hasomi tena, lakini sauti ni ileile, na sauti hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kitabu chako kimefika Handeni. Nurmohamed amekipanga dukani kwake juu ya meza ileile ya bafta. Mtu akienda kukata sanda anakutana na *Marehemu Yumo Ndani*, na lile jalada lako lenye mzee anachungulia kwenye tundu la ukuta, paja la kuku mkononi. Nurmohamed anasema vinakwenda vizuri vyote viwili, ila wanaonunua kitabu wanaomba mfuko mweusi.

Sasa binamu, nani alikutuma? Mzee anajitangazia kifo ili asikie atakavyoliliwa. Anajificha ghalani, anasikiliza waombolezaji wakigombea minofu, halafu anapaliwa na mfupa anakufa kweli, na watu wanakataa kurudi kwa kuwa walishalia. Haya, ni hadithi. Lakini kwa nini mzee huyo awe anaanika sanda yake kwenye kamba kila Ijumaa? Kwa nini awe anaiazimisha kwa majirani waliofiwa ghafla, kisha anadai arudishiwe mpya, tena bafta nzito? Chanika nzima tunaanika nguo. Anayeanika sanda ni mmoja, na wewe umekula ugali wake miaka yote ya shule.

Juzi pale msikitini mtu mmoja akamwuliza, "Mzee Mwinjuma, leo uko nje au uko ghalani?" Baba akarudi nyumbani hakugusa chakula. Jioni akatukusanya akaapa, mkono kifuani: "Zaidi mwana wa Maryamu hatatia udongo kaburini kwangu." Unamjua. Huyu ndiye aliyeapa kutokunywa chai ya maziwa tangu sisi wadogo, na mpaka leo hajaionja.

Ameniamuru pia nisiseme nawe kwenye simu. Nimemtii. Kuhusu kuandika hakusema neno, basi barua hii nampa Obadia, dereva wa Kosta ya Korogwe.

Mimi mwenyewe kitabu sijakisoma. Sina muda wa upuuzi.

Ni mimi Mwaija, niliyekuzidi akili tangu tunaoga mvuani

*

Kilole, Korogwe
24 Novemba 2024

Kwako Mwaija, mwenye mdomo usioshikwa na kufuli,

Salamu nyingi usizozistahili. Husna hajambo, anasema siku ile angekimbia ila viatu vilikuwa vinambana. Huku kwetu mvua imezidi. Nadhani ya kwenu imepotea njia ikaja Kilole, na mbu imewabeba humo humo.

Bahasha yako imenifikia ikiwa wazi. Obadia anasema gundi za siku hizi hazishiki. Kisha akaniambia, kabla sijasoma hata mstari, kwamba yeye angekuwa mimi asingejibu.

Unasema hujakisoma. Asiyesoma amejuaje kama bafta ilikuwa nzito? Hilo liko sura ya tano.

Kuhusu sanda nakujibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu: wahusika wote ni wa kubuni. Mzee wa kitabuni anaitwa Sefu, ana meno yote, na kahawa haipendi. Mjomba anapenda kahawa. Basi, tumemaliza.

Hatujamaliza. Mwaija, mama yangu alipokufa nilikuwa darasa la tano. Watu wazima walinizuia mlangoni, wakasema mtoto abaki na wanawake. Mjomba akanishika kifundo cha mkono akanipeleka mpaka ukingoni mwa kaburi, akanifundisha kuchota udongo kwa viganja. Tukatia pamoja. Hakuna kitu kilichonishikilia duniani wiki ile isipokuwa mkono ule. Leo yeye huyo anasema mimi sitamtilia? Nimeumia, sikufichi. Nimeumia mpaka darasani nimesahihisha insha za kidato cha pili kwa huruma.

Mwambie, au usimwambie. Ila nijulishe jambo moja: watu wengine wanakisemaje kitabu?

Zaidi, mwandishi aliyechapwa kwa wino

*

Chanika, Handeni
5 Januari 2025

Kwako mwandishi uliyechapwa, na bado hujachapwa vya kutosha,

Salamu. Nimechelewa kujibu, na sitakwambia kwa nini. Mwaka umeingia, mahindi ya vuli yamekufa, mbuzi wa jirani wamemalizia maiti. Baba kikohozi kinamsumbua lakini kahawa hajaiacha.

Unauliza watu wanasemaje. Kweli mwandishi ana roho ngumu, anafukuzwa kaburini anauliza habari za wasomaji! Haya, kaa chini.

Bi Mwatumu, mpishi wa misiba yote ya huku, amekasirika kwa sababu pilau la kitabuni limeungua. Anasema hajawahi kuunguza tangu aanze kupika, na kama ulitaka pilau la kuungua ungeandika habari za mpishi wa Korogwe. Nikamwuliza umesoma ukurasa gani, akasema hajui kusoma maandishi madogo namna ile, ila amesikia harufu.

Ustadhi alikikemea kwenye darsa. Alikikemea vizuri sana, akitaja kurasa kwa namba, mpaka vijana waliokuwa hawana habari wakaenda moja kwa moja kwa Nurmohamed. Sasa ameniomba nikuulize kama kuna sehemu ya pili, ajiandae.

Mwalimu Yordani wa sekondari ametoa uchambuzi pale kijiweni. Fani imefana, maudhui yamepwaya, na dhamira kuu ni ukombozi wa mwanamke. Nikamwambia mwalimu, mbona wanawake wa kitabuni wanalia tu na kuosha masufuria? Akasema ndiyo hapo sasa. Baadaye nikagundua kitabu hana, anasubiri muhtasari.

Lakini aliyenichosha ni jirani yetu Mzee Mustafa. Amekuja na kitabu kwapani, kimejaa alama za kalamu nyekundu, amefura. Nikajua ameudhika kwa ajili ya baba. Wapi! "Mwaija," akaniambia, "ile sanda mimi nimeiazima mara mbili, na zote nimerudisha mpya. Mbona sitajwi?" Anataka uandike kwa wachapishaji warekebishe.

Kwa hiyo wasomaji wako ni wa aina mbili, binamu: wanaokasirika kwa kuwa wamo, na wanaokasirika kwa kuwa hawamo. Waliosoma nimewahesabu kwa vidole na kidole kimoja kimebaki hakina kazi.

Baba yeye hasemi. Kila siku baada ya alasiri tunafunga mlango, mimi na yeye, mpaka magharibi. Usiniulize tunafanya nini.

Mwaija, asiyesoma upuuzi

*

Kilole, Korogwe
2 Februari 2025

Mwaija,

Leo sitanii. Kidogo tu.

Nilikuja mwenyewe Ijumaa ya wiki iliyopita kumwomba radhi mjomba, uliniona. Nikakaa barazani na kilemba changu cha heshima. Ukaniletea maji, uso mkavu kama bada la muhogo la jana, ukasema, "Mzee hayupo." Mwaija! Makubazi yake yalikuwa mlangoni. Fimbo yake imeegemea ukuta. Na huko ndani mtu alikuwa anakohoa, halafu anatafuna kitu.

Mimi nimeandika kitabu kizima cha mzee anayejificha nyuma ya ukuta akisikiliza watu, nimeitwa mtovu wa adabu wilaya nzima. Mjomba anafanya hivyo mchana kweupe anaitwa mzee wa heshima.

Nikaona nisiondoke hivi hivi. Nikausogelea ukuta nikasema kwa sauti, "Shikamoo mjomba." Kimya. Hata kutafuna kukakoma. Halafu, kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino, ukuta ukajibu: "Marahaba."

Nilifurahi nikarudi Korogwe naimba. Husna akaniuliza umesamehewa? Nikamwambia hapana, lakini nimeitikiwa. Lakini sasa siku zimepita, na furaha imeisha, kimebaki kile kiapo. Kikohozi chake sikukipenda, Mwaija. Kimekaa chini sana kifuani. Niambie nifanye nini.

Zaidi

(Samahani dada Mwaija, mimi Obadia, gundi haikushika tena. Naomba umwonee huruma mwalimu, siku ile kwenye gari alikuwa anaimba vibaya mno.)

*

Chanika, Handeni
16 Februari 2025

Kwako mwimbaji,

Salamu kwenu nyote, na kwa Obadia pia, kwa kuwa najua yumo kwenye barua hii kuliko sisi wenyewe. Ramadhani inabisha hodi, na baba amekatazwa na daktari kufunga. Amekasirika, anasema daktari ni mtoto wa juzi.

Kwanza, kuhusu marahaba: baba anasema hakusema nawe. Anasema shikamoo ikikosa jibu inazunguka ndani ya nyumba inaleta ugonjwa, yeye aliitoa nje tu.

Pili. Ulikuwa hujui nafanya nini baada ya alasiri. Namsomea kitabu chako. Yeye ndiye aliyenituma kwa Nurmohamed, kwa mfuko mweusi, siku ya pili tu baada ya kuapa. Mlango tunafunga ili watu wasimsikie anavyocheka. Pale Mzee Sefu anapomsikia mkewe akimsifia kwa wageni, naye anataka kutoka ghalani akanushe, baba alicheka mpaka nikamshika mgongo. Ile ya sanda akaniambia rudia. Nikarudia. Akasema, "Mtoto ana macho huyu," halafu akakumbuka amekasirika, akageukia ukutani.

Basi mimi nikawa nimejua mambo yamekwisha. Tukafika sura ya mwisho. Mzee Sefu amekufa kweli, watu wamegoma, anapelekwa na wanaume wanne, anafukiwa, wanafuta mikono wanakwenda zao. Nikafunga kitabu. Baba hakucheka.

"Amemzika mtu bila mtani," akasema.

Nikasema baba, ni hadithi. Akanikemea. Nakuandikia kama alivyosema, maana aliniambia niandike: "Mwambie kucheka msibani si kosa. Kosa ni kwamba kazi ya kucheka msibani ina mwenyewe, na yeye ameinyang'anya. Amechekesha kitabu kizima peke yake, halafu siku ya kuzika, siku mtani anapotakiwa, amemwacha mzee wa watu anashuka shimoni kwenye kimya kama mbwa. Hata mtu mbaya hazikwi hivyo. Mimi nina mtani wangu, yuko hai, anaitwa Castory, yuko Kwamndolwa hapo hapo Korogwe anapofundisha yeye, na hajawahi kwenda kumjulia hali. Aende akamwombe radhi Castory. Asije kwangu."

Binamu, unamkumbuka Castory? Yule Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge akabaki. Mama yangu alipofariki, ndiye aliyelala ndani ya kaburi akasema hatoki mpaka apewe jogoo, Wazigua wachoyo wamezoea kuzika bure. Wanaume waliorudi walisema baba alicheka pale. Wiki nzima alikuwa hajafungua mdomo, hata maji tulimlazimisha. Alicheka, ndipo akaweza kulia.

Nenda.

Mwaija, aliyesoma

*

Kilole, Korogwe
6 Aprili 2025

Kwako binamu mnafiki, msomaji wa nyuma ya mlango,

Salamu za Idi zilizochelewa. Tumekula, tumeshiba, Husna amenishonea kanzu ambayo shingo yake inanikaba, anasema ni makusudi. Mjomba anaendeleaje? Uliponiandikia mwisho hukusema lolote kuhusu kile kikohozi, na kimya chako nakijua.

Nimekwenda Kwamndolwa. Mzee Castory nyonga imevunjika, hatoki kitandani ila kwa kubebwa, lakini mdomo haukuumia. Nikaingia na kopo la ugoro, nikainama, nikamwamkia. Akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyeniibia kazi?"

Kumbe binti yake amemsomea chote. Maoni yake ndiyo haya, uwapelekee wasomaji wa Chanika wayapime na yao. Kitabu ni kirefu. Mfupa wa kuku ni mzuri, lakini ungekuwa wa samaki. Matusi ni ya shuleni, yanavaa tai. Na hakucheka hata mara moja, kwa sababu fundi hacheki kazi ya fundi mwenzake, anaangalia mishono. Nikamwuliza basi hakuna chochote ulichokipenda? Akafikiri. "Jalada," akasema.

Nikaomba radhi kama mjomba alivyotaka. Akasema radhi ya mdomo haitoshi, nikae nifundishwe. Akaniambia, "Haya, nitukane. Mimi Mnyamwezi, wewe Mzigua, ni haki yako ya kuzaliwa." Nikasafisha koo. Nikasema, "Samahani mzee, kwa heshima zote, wewe ni mpagazi."

Mwaija, alinionea huruma. Alimwita binti yake aje aone. "Mtani haombi samahani! Kitabuni una mdomo, ana kwa ana unakuwa karani!" Ndipo nikajiona nilivyo. Kumtukana mtu kwenye karatasi, ukiwa umefunga mlango, yeye hayupo, mbona rahisi. Nimerudi pale kila Jumamosi. Sasa naweza kumwita mpagazi bila samahani, na yeye ananiita mla bada, mwoga wa maji, mwalimu wa kuku. Nikiondoka najikuta nacheka njiani peke yangu.

Lakini alipoacha mzaha alisema jambo lililonikaa. Alisema, "Mwinjuma akitangulia, mimi hii nyonga hainifikishi Handeni. Nani atalala kwenye kaburi lake?" Akageuza uso.

Jibu nalitafuta mpaka leo. Wewe unalo?

Zaidi

*

Chanika, Handeni
11 Mei 2025

Kwako mwalimu wa kuku (jina hili nimelipenda, Chanika yote inalo sasa),

Salamu. Mvua za masika zimekuwa nzuri, tumepata kunde na mahindi mabichi, nakuletea gunia dogo kwa Obadia kama naye hatadai kwamba kamba za siku hizi hazishiki.

Baba hali si nzuri. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Nilimsomea barua yako. Pale pa "samahani mzee, wewe ni mpagazi" alicheka kikohozi kikamshika, nikaogopa, naye akanipungia mkono niendelee. Mwishoni, lile swali la Castory, aliniambia nirudie mara tatu. Kesho yake asubuhi akaniita. Binamu, sikiliza alivyosema, maana mimi nimekaa na mtu huyu maisha yangu yote sikujua kama ni mwanasheria.

"Mimi niliapa kwamba Zaidi mwana wa Maryamu hatatia udongo kaburini kwangu. Kiapo ni kiapo, sikivunji kwa ajili ya mwandishi. Lakini Castory ana koti lake la mvua, lile la mkongeni, refu, ananuka nalo tangu ujana. Mwambie amkabidhi kijana. Atakayekuja kwangu amevaa koti lile, huyo si mpwa wangu. Huyo ni Castory. Na Castory nani amzuie? Mtani anaingia kaburini kabla yangu mimi mwenyewe."

Nikasema, baba, kwa nini usimsamehe tu mambo yakaisha? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asitembee uchi.

"Nimsamehe halafu nizikwe na nani?" akasema.

Ustadhi amesikia, amekunja uso, anasema mambo ya koti hayamo kwenye kitabu chochote. Baba akamjibu, "Kitaandikwa. Tunaye mwandishi."

Kachukue koti, Zaidi. Usikawie.

Mwaija

*

Chanika, Handeni
13 Julai 2025

Binamu yangu Zaidi,

Salamu. Husna naye mpe pole, na umshukuru kwa zile siku alizokaa nasi akaosha vyombo bila kulalamika.

Nilivunja amri ya baba nikakupigia simu. Jambo la kwanza nililofanya baada ya kumfumba macho ni kumwasi. Atanielewa.

Tangu muondoke sijapata nafasi ya kuandika, wageni walikuwa wengi. Unajua walipoanza kuja asubuhi ile, kabla ya kukaa kulia, kila mmoja alikuwa anatupa jicho kule ghalani? Mzee Mustafa hakutupa jicho, alikwenda kabisa. Akafungua mlango, akapekua nyuma ya magunia, akaita, "Mwinjuma, toka, tumekuona." Akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa analia kweli, amekaa chini mavumbini kama mtoto. Kitabu chako kimefanya hayo, binamu. Sanda ilikuwepo, imeanikwa Ijumaa iliyopita, haikuwa imeazimwa, alhamdulillahi.

Sisi wanawake hatukwenda makaburini, kwa hiyo yaliyotokea kule nimeyapata kwa wasomaji wako, na unawajua. Wote wanasema hivi: ulitokea na koti linaburuza, ukawasukuma wachimbaji, ukashuka, ukalala, ukapiga kelele kwamba Wazigua wachoyo wamezoea kuzika bure na shimo hili ni lako mpaka kieleweke. Watu wakacheka. Halafu ukaanza kulia. Wakacheka zaidi. Kadiri ulivyolia ndivyo walivyocheka, hata Ustadhi aligeukia pembeni mabega yanamtikisika. Wanasema hawajawahi kuona mtani anayeigiza kilio namna ile.

Mwalimu Yordani anasema safari hii fani na maudhui vimeoana. Bi Mwatumu, ambaye hakuwepo, anasema Castory alikuwa anafanya vizuri zaidi, lakini wewe una sauti. Mzee Mustafa ameuliza kama haya utayaandika, na kama ataingia.

Obadia peke yake hakutaja kicheko. Alikuwa karibu na ukingo. Aliniletea salamu zako akakaa, akanywa maji, akaniambia, "Dada, lile koti kola yake ilikuwa imelowa." Akaondoka.

Sasa mimi maoni yangu hujawahi kuyapata. Nimekisoma mara mbili, mara moja mwenyewe na mara moja naye. Nilicheka zote mbili. Mzee yule ni baba, usinibishie. Na mtu anayesema kitabu hakimpendi mzee wake hajui kusoma.

Niambie wewe. Kule chini ulikuwa unaigiza?

Mwaija

*

Kilole, Korogwe
27 Julai 2025

Kwako Mwaija, binti wa mwanasheria,

Salamu. Sote wazima. Gunia lako la kunde lilifika na kunde chache, Obadia anasema ni magunia ya siku hizi.

Ndiyo, Mzee Sefu ni yeye. Nilibadilisha kahawa tu.

Kule chini nilikuwa nimebeba matusi matatu ya Castory, nimeyakariri Jumamosi zote zile. La kwanza nikalitoa, wakacheka, nikasema naam, naweza. Nikalala chali nitoe la pili. Mwaija, ukiwa humo unaona kipande kidogo cha mbingu na vichwa vya watu vimekizunguka. Kulikuwa na baridi. Nikawaza kwamba hapa ndipo anapoletwa, na mimi nimepalala kwanza. Nikautafuta ule mkono ulionishika siku ya mama. Matusi yakapotea yote. Nililia kama darasa la tano, na wao juu wanacheka, na mimi nalia. Sikuigiza hata kidogo. Wasiambiwe.

Wakanipa jogoo wangu. Nikatoka. Nikachota kwa viganja nikatia udongo kabla ya watu wote, na hakuna aliyenizuia, maana Zaidi hakuwepo.

Jumamosi nikampelekea Castory jogoo wake na koti lake. Akalipokea koti, akalinusa, akashika ile kola. Akauliza, "Ulicheka?" Nikamwambia nilishindwa. "Wao walicheka?" Nikasema walicheka sana. Akatikisa kichwa. Akalikunja koti akaliweka chini ya mto.

Kisha akasema, "Jogoo rudi naye, umtunze asife. Mtani wangu wa kunizika mimi alikuwa huyo uliyemzika. Sasa zamu ni yako. Na safari hii hukaimu mtu: mimi Mnyamwezi, wewe Mzigua, uje na nguo zako mwenyewe. Lakini mimi sitaki machozi, mla bada wee. Mimi nataka ucheke."

Jogoo yupo hapa uani, anawika saa saba mchana bila sababu, na Husna amempa jina la Mwinjuma. Nami kila Jumamosi nakwenda Kwamndolwa kufanya mazoezi. Bado sijaweza.

Zaidi mwana wa Maryamu